SOMO LA KIKUNDI: MAJI HUFUATA MKONDO
Kujipanga kabla ya mvua, kutoka bandari ndogo za Ziwa Victoria hadi Gikomba



Somo la safari hii ni la kusomwa mkutanoni kwa sauti, si la mtu mmoja kujisomea nyumbani halafu akaweka karatasi kabatini. Litachukua kama saa moja na nusu. Mwenyekiti, tafadhali chagua wasomaji wawili wa mchezo, na mwandishi akae na daftari lake tayari. Mwisho wa somo kuna kazi ya kufanya. Msipofanya ile kazi, hamjasoma somo.

1. MCHEZO MFUPI

(Ni mwezi wa pili, jua linawaka. Mama anayeuza samaki yuko Gikomba, ameshika kamba anapima ukuta. Mzee anayeuza viatu vya mitumba anapita.)

MAMA: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mama. Mbona leo umekuwa fundi? Unapima ukuta wa nani?

MAMA: Napima mahali maji yalifika mwaka wa 2024. Unaona hii rangi ya matope? Mimi inanifika kifuani.

MZEE: Achana na hayo. Yale yalikuwa maji ya mwaka ule. Yamekwisha kwenda.

MAMA: Mzee, wewe uko hapa tangu lini?

MZEE: Mimi? Mimi ni mzaliwa wa Majengo. Nimezeeka hapa hapa.

MAMA: Basi niambie, ule mwaka wa El Nino, 1997, maji yalifika wapi?

MZEE: (Anafikiri, anaangalia mtoni, anaangalia ukuta.) Yalifika pale.

MAMA: Pale wapi?

MZEE: Pale pale unapopima.

(Wote wawili wananyamaza.)

Maswali ya kujadili kabla ya kuendelea:
- Mzee alijua maji yalipofika. Kwa nini hakuwa amemwambia mtu?
- Katika mtaa au kijiji chetu, ni nani anayekumbuka mafuriko ya zamani? Tumewahi kumwuliza?

2. GIKOMBA NI BANDARI YETU

Mtu akitaja bandari, sisi wa Nairobi tunafikiria Mombasa, Lamu au Kisumu. Lakini bandari ni kitu gani hasa? Ni mahali ukingoni mwa maji ambapo mali hushuka, hupimwa, huuzwa na kubebwa, na watu wengi hupata riziki yao pale pale. Kwa maana hiyo, sisi wa Majengo tunayo bandari. Ni Gikomba. Iko kando ya Mto Nairobi. Meli haifiki, lakini mali ya bandari inafika. Marobota ya mitumba yanashuka melini Mombasa na kufunguliwa Gikomba. Samaki wanatolewa ziwani Victoria, wanasafirishwa kwenye barafu, na alfajiri wako Gikomba. Kabla ya saa sita, wamama wetu wameshakaanga mgongo wazi na kuuza vichochoroni.

Kwa hiyo mama wa Majengo anaguswa na maji mara mbili. Ziwa likifurika kule, samaki wanapungua na bei inapanda. Mto ukifurika hapa, kibanda chake kinaenda. Ndiyo maana tutaanza somo letu kule ziwani, halafu turudi nyumbani.

3. ZIWA LILIPORUDI MAHALI PAKE

Ziwa Victoria ni kama karai kubwa lenye tundu moja dogo. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mengine huletwa na mito kama Kagera, Nzoia, Yala, Nyando na Sondu. Lakini njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni Mto Nile pale Jinja, Uganda. Likijaa, huchukua muda mrefu kupungua.

Mwaka wa 1961 mvua kubwa sana ilinyesha Afrika Mashariki. Wazee wengine bado wanayaita mafuriko ya Uhuru. Ziwa liliendelea kupanda, na kufikia mwaka wa 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Baadaye likaanza kushuka polepole. Mwaka wa 2006 lilikuwa chini kabisa, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka mingi sana.

Sasa fikirini. Maji yakirudi nyuma mita moja, halafu nyingine, binadamu anafanya nini? Anayafuata. Mvuvi anataka kuwa karibu na mashua. Mama anataka kukausha omena karibu na mahali wanaposhushwa. Vibanda vinajengwa, vyoo vinachimbwa, barabara inaletwa, banda la kupimia samaki linasimamishwa. Kijana aliyezaliwa mwaka wa 1980 hajawahi kuyaona maji mahali pale, kwa hiyo kwake ile ni nchi kavu.

Mwisho wa mwaka wa 2019 mvua ilinyesha kupita kiasi. Mwezi wa Mei 2020 ziwa lilifikia na kupita kidogo kile kiwango cha 1964. Mwaka wa 2024 likapanda tena zaidi ya hapo. Katika bichi za Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, maji yaliingia kwenye mabanda ya samaki, nyumba, vyoo na njia. Watu walilia kwamba ziwa limewavamia. Lakini tukisema ukweli, kiwango kilikuwa karibu kile kile cha 1964, kwa hiyo ardhi iliyofunikwa ilikuwa karibu ile ile. Ziwa lilirudi mahali pake. Waliohama mahali pao ni watu, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Hapa tunajifunza mambo mawili.

La kwanza: alama ya maji ya zamani ni mali. Ni kama hati ya shamba. Inafaa kutunzwa na kuonyeshwa watoto.

La pili linatokana na gati, yaani pale mashua zinapofungwa. Gati la zege lisilosogea likifunikwa na maji halina kazi tena mpaka maji yapungue. Gati linaloelea juu ya mapipa hupanda maji yakipanda na kushuka yakishuka, na kazi inaendelea. Kwa hiyo mtu anayepanga bandari hujiuliza maswali mawili. Ni kitu gani hapa hakiwezi kuhamishwa? Hicho kijengwe juu ya alama ya maji. Na ni kitu gani kinaweza kuhamishwa? Hicho kitengenezwe kiwe chepesi kuhamisha.

Kumbukeni pia kwamba kwenye kila bichi kuna kikundi cha wanaofanya kazi pale, yaani wenye mashua, wavuvi, wachuuzi na wanaokausha samaki, na sheria inakitambua kikundi hicho. Kina kamati na daftari la wanachama. Mtaalamu akija na ramani, hao ndio wa kuulizwa kwanza, kwa sababu ndio wanaojua upepo unavuma kutoka wapi na gugu maji huziba upande gani. Hata sisi, mpango wa Gikomba hauwezi kutoka ofisini peke yake.

4. KWA NINI MVUA SASA INAKUJA KWA KISHINDO

Watu wengi huuliza, "Mbona zamani mvua ilikuwa inanyesha na hatukuwa tunasombwa?" Jibu lina sehemu tatu.

Ya kwanza ni joto. Dunia imepata joto kwa sababu ya moshi wa miaka mingi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, sehemu kubwa kutoka nchi tajiri. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 zaidi kwa kila digrii moja. Ni kama kubadilisha kikombe kwa kikombe kikubwa kidogo. Siku kinapomwagika, kinamwaga zaidi. Na bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko kawaida, mvua ya mwisho wa mwaka huwa kubwa, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023.

Ya pili ni mji wenyewe. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Mahali palipokuwa na mashamba na miti, leo pana mabati, lami na saruji. Maji hayapati pa kuzama. Ndiyo maana mvua inaweza kunyesha Kikuyu na Dagoretti, sisi huku tunaona jua, na baada ya muda mto unakuja umejaa.

Ya tatu ni sisi. Mifuko, matambara na mabaki ya soko yakiziba mtaro, maji yanatafuta mlango wa nyumba yako. Sehemu hii ndiyo iliyo mikononi mwetu kabisa.

5. YALIYOTUPATA, NA KOSA LANGU

Mvua ya Machi hadi Mei 2024 iliua zaidi ya watu 290 nchini Kenya. Hapa Nairobi, usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, watu wa Mathare waliamka maji yako kitandani. Siku chache baadaye serikali iliamuru walio kando ya mito wahame kwa saa 48, na matingatinga yakafuata. Serikali ilitangaza msaada wa shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Kila mmoja wetu anajua kodi na godoro jipya ni pesa ngapi, kwa hiyo sitaongeza neno.

Nataka nieleze habari ya kikundi kimoja ninachokitembelea. Sitakitaja jina. Kilikuwa cha wamama 22, wenye mchango wa kila juma, na kilikuwa kikundi cha mfano. Kwa miaka mingi niliwafundisha kuweka akiba, kuandika daftari, kuchagua viongozi. Sanduku lao lilikaa chini ya kitanda cha mweka hazina, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka mtoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa juu ya kile kitanda nikinywa chai. Sikuwahi kuuliza swali hata moja kuhusu mto.

Maji yalipokuja, mama yule aliwaokoa watoto wake watatu. Sanduku lilibaki. Pesa zilizokuwemo hazikuwa nyingi, nyingi zilikuwa benki. Kilichopotea ni daftari. Hakuna aliyeweza kuonyesha nani amelipa, nani ana deni, zamu ni ya nani. Maji yalikaa siku mbili. Ugomvi ulikaa karibu mwaka mzima. Wengine walisema mweka hazina amejificha nyuma ya mafuriko. Mama aliyeokoa watoto watatu aliitwa mwizi mbele ya majirani. Kikundi kilivunjika.

Ningekuwa nimewaambia waandike nakala moja tu ya daftari na kuiweka kwa mtu anayekaa mlimani, kile kikundi kingekuwa hai leo. Nakala moja, kalamu ya shilingi 20. Ndiyo maana naandika somo hili.

6. KAZI YA KIKUNDI: HATUA SITA

Fanyeni kazi hii kiangazi, yaani kabla ya mvua ndefu za Machi au kabla ya mvua fupi za Oktoba. Maji yakishafika mlangoni hakuna mkutano.

Hatua ya kwanza: Tembeeni. Kikundi kizima kitembee kando ya mto, mtaro au bonde lenu, pamoja na wazee wawili na vijana wawili. Kila mahali ulizeni, "Maji yalifika wapi?" Wekeni alama kwa rangi kwenye ukuta au mti, na muandike mwaka. Mwandishi achore ramani, hata kama ni ya fimbo mchangani kwanza: mto, njia, choo, bomba, nguzo za stima, nyumba za wagonjwa, wazee na wajawazito.

Hatua ya pili: Tenganisheni vitu. Kila mwanakikundi aandike orodha mbili. Orodha ya kwanza ni vitu visivyohamishika: jiko la kujengwa, cherehani nzito, friji. Hivyo viinuliwe juu ya alama kwa matofali au meza imara. Orodha ya pili ni vya kuhamishika. Robota la mitumba lina kilo kama 45 na likilowa ni zito zaidi, kwa hiyo mpange mapema nani na nani watalibeba, kwa mkokoteni wa nani, na wapi. Ongeeni na wenye ukumbi wa kanisa, msikiti au shule iliyo juu, mpate ruhusa sasa, si siku ya mvua.

Hatua ya tatu: Nakala. Daftari la kikundi liandikwe nakala kila mwezi na nakala ikae kwa mwanachama wa mbali na maji. Mwenye simu nzuri apige picha kila ukurasa. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki viwekwe ndani ya mfuko wa plastiki na kufungwa vizuri, mfuko uning'inizwe karibu na mlango.

Hatua ya nne: Mlinzi wa mto. Tafuteni mtu aliye juu ya mto kuliko ninyi. Sisi wa Majengo tunaweza kupata mchuuzi wa Globe au ndugu wa Dagoretti. Akiona mto umepanda, anapiga simu kwa watu wawili, na kila mmoja wao anapiga kwa watu watano. Jaribuni siku moja ya jua mwone itachukua dakika ngapi. Usiku pigeni filimbi, kwa sababu simu nyingi huwa zimezimwa. Kila juma sikilizeni redioni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa.

Hatua ya tano: Mfuko wa mvua. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa juma, kinapata shilingi 500. Kwa majuma 24 hizo ni shilingi 12,000. Mfuko huu usikopeshwe. Ni wa kusafirisha mali, kununua maturubai, na kumpa mwanachama mtaji mdogo wa kuanzia tena.

Hatua ya sita: Pelekeni ombi. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya hali ya hewa ni ya mwaka wa 2016. Kaunti zina mifuko ya kazi hii, na kuna kamati za mipango hiyo katika wadi. Pia kila kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kwa hiyo barua inayofika Oktoba imechelewa. Pelekeni ofisi ya wadi mwezi wa Juni au Julai, mkiwa na ile ramani yenu na picha za alama. Msiombe "maendeleo". Ombeni kitu kinachoweza kupimwa: mtaro fulani, kutoka hapa hadi pale, wenye kina fulani. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri.

Na siku yenyewe ya maji, kumbukeni haya manne. Okoeni watu kwanza, mali baadaye. Zimeni stima kwenye swichi kubwa kabla maji hayajaingia, na maji yakishaingia msiiguse. Msivuke maji yanayokimbia, kwani hata yasiyofika magoti yanaweza kumwangusha mtu mzima. Na chemsheni kila tone la maji ya kunywa, kwa sababu vyoo vikifurika kipindupindu hakiko mbali.

7. TUSIDANGANYANE

Wengine watauliza: "Tukiweka alama, serikali si itatumia alama hizo hizo kutubomolea?" Hili ni swali la haki, na nimelisikia mara nyingi.

Kanuni za maji za Kenya zinataka ukingo wa mto uachwe wazi, kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na upana wa mto. Sheria ya ardhi nayo, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2016, inataka watu wapewe notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Zote mbili ni sheria. Kikundi chenye ramani, orodha ya wakazi na barua zilizopigwa muhuri kina kitu cha kusemea. Kikundi kisicho na karatasi kinasubiri tingatinga.

Lakini ukweli mwingine ni huu. Ziko nyumba ambazo matofali na filimbi havitazisaidia. Kama alama ya 1997 na ya 2024 zote ziko juu ya kitanda cha mtoto wako, mpango wa kweli ni kuhama. Najua si rahisi. Kodi ya huku chini ni nafuu na kazi iko karibu. Kwa hiyo kuhama kusiwe mzigo wa mtu mmoja. Kikundi kinaweza kuamua kwamba zamu ya kwanza ya mchango wa mzunguko iende kwa mwenye nyumba iliyo chini kabisa, apate kodi ya mahali pa juu, na kibanda chake cha mchana kibaki sokoni. Binadamu alale juu ya alama. Biashara ikilowa tutaanza tena.

8. MASWALI YA KUFUNGIA MKUTANO

- Daftari la kikundi chetu liko wapi usiku huu? Nyumba hiyo ina umbali gani kutoka kwa maji?
- Ni mwanachama gani analala chini ya alama? Tutamfanyia nini kabla ya mvua ijayo?
- Ni nani atapiga filimbi?
- Tunatembea lini? Andikeni tarehe, si "hivi karibuni".

Mwandishi aandike majibu, kila jibu na jina la mwenye kazi. Mkutano ujao ufunguliwe kwa kusoma majibu hayo kabla ya kukusanya mchango. Mimi nikija kuwatembelea, nitaomba kuona mambo mawili kabla ya chai: nakala ya daftari, na alama ya maji ukutani.